Mayai ya kware yana ganda laini, nakosea wapi kwenye chakula?

kware_mbagala: Habarini wakuu, nina kware 120 wana wiki ya 11, walianza kutaga vizuri tu ila wiki mbili hizi nikiokota mayai 70 napata saba au nane yamepasuka, mengine ukibonyeza ganda linaingia ndani. Nawapa chakula cha kuku wa mayai cha dukani, hicho tu. Jana mteja kanirudishia trei nzima imeniuma sana, naombeni msaada

bibi shamba: Pole sana mwanangu. Hicho chakula cha kuku protini yake ni kama asilimia 16 au 17, kware anayetaga anataka 20 hivi. Ongezea dagaa wa kusaga na soya iliyokaangwa, mbichi usiwape maana inazuia protini isisagike tumboni, na dagaa wapepete mchanga kwanza. Halafu weka maganda ya konokono yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni, chembe ndogo ndogo kwa midomo yao ila zisiwe unga kabisa, chembe zinayeyuka taratibu kwahiyo hata usiku akiwa hali kitu ganda bado linapata chokaa. Kila mmoja atachukua anachohitaji

mtu wa mabanda: Bibi kasema kweli ila na joto la huko Dar uliangalie ndugu yangu, kware akihema mdomo wazi mchana kutwa anakula kidogo na ganda linakuwa jembamba hata umwekee konokono kilo ngapi. Pima chakula, kware mmoja ni gramu 20 hadi 30 kwa siku, hao wako wanatakiwa wamalize kama kilo tatu, wakiacha nyingi ujue joto limewazidi. Wape alfajiri na jioni, maji yabadilishe mchana yawe ya baridi

kware_mbagala: Aisee wanabakiza kweli karibu kilo nzima, mi nikajua wameshiba! Na je maganda ya mayai yao naweza kuwarudishia?

bibi shamba: Unaweza, chemsha kwanza, anika yakauke kabisa ndo usage, yasionekane kama yai wasije wakazoea kudonoa mayai yao. Ila kama una vifaranga wasiguse chakula cha wanaotaga, chokaa nyingi inawaharibu figo, hilo nakusisitiza sana

kware_mbagala: Vifaranga 40 nilikuwa nawalisha humo humo bibi, nawatenga leo hii. Asante sana