Mzee anasahau lakini anasema yuko fiti, huu ni ubishi au ni ugonjwa wenyewe?

Binti_Pangani: Wakuu habari za jioni. Baba ana miaka 74, alikuwa mhasibu, na mwaka huu daktari katuambia ni Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole, bado hatua za mwanzo. Kusahau kwenyewe tumeshakubali, kinachotuchosha ni kwamba yeye hataki kabisa kusikia kama ana tatizo. Juzi kamlipa fundi bomba mara mbili kwa kazi ileile, tukamwonyesha meseji zote mbili kwenye simu yake, kaziangalia weee halafu anasema "hawa wa mtandao wamekosea, hesabu zangu mimi haziendi hivyo". Halafu shangazi akirudia stori, baba ndo wa kwanza kusema "dada naye siku hizi anasahau sana" 😩. Kaka anasema mzee anajua fika ila ni kiburi. Jamani, mtu anaweza kweli asijue?

Nesi_Mstaafu: Pole sana binti yangu. Anaweza, nimewahudumia wengi wa hivyo. Kitaalamu inaitwa anosognosia, yaani mgonjwa kutojua kwamba anaumwa, jina alilitoa daktari wa Ufaransa, Joseph Babinski, mwaka 1914, kwa wagonjwa waliopooza upande mmoja na wenyewe hawana habari. Kwa Alzheimer fikiria hivi, ili ujue unasahau inabidi ukumbuke kwamba jana ulisahau, sasa hiyo ya jana haikai, kwa hiyo baba bado anajijua kama yule mhasibu wa zamani asiyekosea hata senti. Na sehemu za ubongo za mbele zinazotusaidia kujikagua nazo huwa zinaguswa. Kosa la shangazi analiona kwa sababu kumkagua mwenzako ni kitu kingine. Msibishane naye na zile meseji, mtamtia hasira tu na kesho mtaanza upya.

Kijana_wa_Maabara: Nakubaliana na mama hapo juu ila kaka yako naye asipuuzwe moja kwa moja. Sio wote hawajui. Auguste Deter, yule mgonjwa wa Dk. Alois Alzheimer, daktari ambaye ugonjwa huu una jina lake, kule Frankfurt Ujerumani mwaka 1901, alikuwa anasema amejipoteza. Hatua za mwanzo wengine wanajua vizuri tu na ndo hao unakuta wamezama kwenye sonona, wengine leo anajua kesho hajui, mwingine anakiri kusahau majina ila ukigusa hela anakuwa mkali. Na inategemea ugonjwa pia, ile dimenshia (ugonjwa wa kupungukiwa akili na kumbukumbu) inayoanzia mbele ya ubongo inaondoa kujitambua mapema kuliko Alzheimer, na mgonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, unakuta mwili unacheza wenyewe na anakwambia ametulia.

Mama_Wawili: Sisi kwa mama mkwe daktari alimuuliza, nikikusomea maneno 10 utakumbuka mangapi? Akasema yote 😅. Yakaja 2. Daktari hakumsuta, akaandika tu. Halafu yeye na sisi tukajibu maswali yaleyale kila mtu kivyake, akalinganisha majibu. Kwa hiyo kliniki usimwache mzee aingie peke yake, atasema hana shida na atasema vizuri mpaka daktari mgeni aamini. Hela mwachie kidogo kwenye simu, nyingine ihamie kwa mnayemwamini. Bado anaendesha gari?

Binti_Pangani: Asanteni sana, nimemsomea kaka yote kanyamaza. Gari ndo balaa, alfajiri anakwenda nalo msikitini na juzi kioo cha pembeni kimerudi hakipo, anasema kimeibiwa. Tukimwambia asiendeshe itakuwa vita.

Nesi_Mstaafu: Hilo mwambieni daktari ndo amkataze yeye, wazee wa umri wake wanamsikiliza daktari kuliko mtoto. Na alfajiri apatikane mjukuu wa kwenda naye msikitini kwa miguu.

Muuza_Spea: Funguo msimnyang'anye mtakosana. Chomoa waya wa betri. Akisema gari bovu mkubalie, sema spea inasubiriwa kutoka Dar.

Binti_Pangani: Kumdanganya baba jamani? 😔

Muuza_Spea: Wiki ya kwanza inauma. Chomoa leo.