Asiyejua kushona aangalie nini katika kazi ya fundi hodari?

Muulizaji, Wete

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ujuzi wangu wa sindano unaishia katika kutia kifungo na kupinda kanga, na huenda ndiyo maana wanawake wanaojua kushona wananishangaza sana. Jirani yangu humpima mteja kwa futi, akakitandaza kitambaa juu ya mkeka, akapiga mistari michache ya chaki, kisha akakata bila ya karatasi yoyote ya kumwongoza. Na nguo ikivaliwa, mabega hukaa barabara na shingo hailegei. Kila akinionesha kazi yake mimi humwambia, “Mashaallah, nzuri,” na maneno hayo nayaona hayatoshi, kwa sababu nguo mbovu nayo huambiwa hivyo hivyo. Ningependa kumsifu kwa kile hasa alichokifanya. Je, mtu asiyejua kushona aangalie wapi?

Fundi wa cherehani, Chake Chake

Waalaykum salaam, dada yangu. Anza kwa kuigeuza nguo ndani nje, kwani nje hata fundi wa kawaida anaweza kupapendezesha kwa pasi. Ndani utaona kama kingo zimefungwa zisichanuke nyuzi, na kama kila mshono ulipigwa pasi kabla ya kuvukwa na mwengine.

Kisha tazama mikono, maana hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Kichwa cha mkono hukatwa kirefu kidogo kuliko tundu la kwapa linalokipokea, kwa kuwa bega ni la mviringo na linahitaji nafasi ya kusogea. Ziada hiyo haikatwi. Fundi huisambaza kidogo kidogo kwa vidole huku akipiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda kwa mkono, mpaka imezwe yote bila ya kuacha hata rinda moja, na ndipo huipeleka kwenye cherehani. Ukiona bega limeviringika bila ya mikunjo, ujue umeona kazi ya vidole kabla ya kazi ya mashine.

Jambo jengine ni ulalo wa kitambaa. Kikifuata mtande, yaani nyuzi za urefu wake, hakivutiki sana, lakini kikikatwa kimshazari huvutika kwa uzito wake wenyewe, na sketi pana ikashuka upande mmoja. Fundi anayejua huitundika usiku kucha, kitambaa kimalize kushuka, ndipo asawazishe pindo. Na jirani yako akishona gauni la kanga, angalia mapindo na jina la kanga ameyaweka wapi, kwa sababu kanga haikusanifiwa kukatwa, na mkasi ukishapita hakuna njia ya kulirudisha jina lililokatwa katikati.

Mchangiaji, Ng’ambo, Unguja

Nakubaliana na bi fundi, ila naomba tusiwasahau wanaoshona kwa mkono mtupu, maana kwangu mimi hakuna kazi inayoizidi kofia ya viua. Wanawake wengi wa Unguja na Pemba huishona barazani baada ya alasiri, kati ya shughuli nyengine za nyumba, na kofia moja nzuri huweza kuchukua mwezi au zaidi. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, kisha hutobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi pembeni mpaka kiwe imara. Duara la juu na ukanda wa pembeni hushonwa mbalimbali na kuunganishwa mwishoni.

Ukitaka kuupima ustadi, inyanyue kofia mbele ya mwanga. Vitundu vikiwa sawa kwa ukubwa kuanzia mwanzo wa ukanda hadi pale nakshi inapokutana na mwanzo wake, bila ya ua kubanwa wala kunyooshwa ili lienee, basi mshonaji aliyahesabu yote hayo kichwani kabla ya kutia sindano. Hunisikitisha mno kumwona mnunuzi akibishania bei ya kofia kama hiyo kwa kuilinganisha na ile iliyotariziwa kwa mashine.

Mchangiaji, Mkoani

Dada yangu wa Wete, wenzangu wamekwisha kukueleza pa kutazama, nami nitaongeza jambo moja. Mpelekee jirani yako kitambaa mapema kabla ya Ramadhani, kwa sababu kila mtu huja na mfuko wake wiki ya mwisho akitaka nguo ya sikukuu, na fundi hulazimika kukesha na kuziruka zile hatua za bandi na pasi zilizotajwa hapo juu. Kikiwa ni cha pamba, kiroweke na ukikaushe kwanza, kwani pamba hurudi ikifuliwa, na vipimo alivyovichukua kwa uangalifu vitapotea siku ya kwanza ya kufua.

Halafu muombe ukae karibu naye siku atakayotia mikono. Mafundi wengi hawakatai kutazamwa na mtu anayependa kazi yao.