Mjadala: Mtoto wa Kimbunda aanze kusoma kwa lugha gani?

Wadau, kuna jambo linaniuma. Mkoa wa Magharibi wa Zambia, sehemu kama Mongu, Kalabo na Kaoma, kuna Wambunda ambao nyumbani wanaongea Chimbunda. (Msichanganye na Kimbundu au Umbundu za Angola, hizo ni lugha nyingine.) Mtoto wao akianza shule anafundishwa kusoma kwa Silozi, lugha ya Walozi. Zambia imeteua lugha saba tu za wenyeji za kutumika shuleni: Bemba, Nyanja, Tonga, Lozi, Kaonde, Lunda na Luvale. Mtaala ulioanza kutumika 2014 ulitaka darasa la kwanza hadi la nne wafundishwe kwa lugha wanayoifahamu, lakini kiutendaji ikawa lugha ya mkoa. Hapo mtoto huyu kaonewa.

Wapo wanaosema Wambunda ni wageni kutoka Angola, wafuate lugha waliyoikuta. Waliikuta wapi? Mfalme Mulambwa wa Walozi aliwapokea Bulozi, yaani nchi ya Walozi, kabla Wakololo hawajaiteka nchi hiyo miaka ya 1840. Silozi cha leo kimetokana na lugha ya hao Wakololo, watu wa jamii ya Wasotho waliotoka kusini. Wambunda walishakuwepo! Siwabezi Walozi, maana ndio waliowapa wenzao pa kukaa.

Wengine wanasema Chimbunda hakina maandishi. Angola ilipitisha alfabeti za lugha sita mwaka 1987, na Mbunda ni mojawapo, pamoja na Kikongo, Kimbundu, Umbundu, Chokwe na Oshikwanyama.

Hoja nzito kwangu ni ya walimu na vitabu. Mkoa huohuo una Wankoya, Waluvale, Waluchazi. Ukimpa mmoja, wote watadai, na wana haki ya kudai. Ndiyo maana sitaki lugha ya nane ya mkoa mzima. Nataka darasa la kwanza na la pili tu, kwenye vijiji ambavyo karibu watoto wote ni Wambunda, na mwalimu apangwe anayeijua lugha yao. Silozi kije darasa la tatu, mtoto akiwa anajua kuunganisha herufi.

Walimu mliopo humu, mliowahi kupokea darasa la kwanza lisilojua Kiswahili: wiki zile za mwanzo mlifundisha kwa lugha gani, na watoto walijua kusoma mapema au walichelewa?