Eti "mwachie mama, hatuli watoto hapa", tena kwenye maiki, siku ya kwanza ya shule!!

Mama_KifunguaMimba

Wakuu naandika mkono unatetemeka, nimetoka huko sasa hivi hata viatu sijavua. Ule mkutano wa wazazi wapya. Najua wengi humu mna watoto pale au mmeshapita pale kwa hiyo sina haja ya kumtaja, mnamjua. Yule wa maiki. Yule ambaye hata akikaa na watu watatu chumba kimoja lazima aletewe spika.

Barua ilisema saa mbili kamili asubuhi, atakayechelewa geti litakuwa limefungwa. Sawa. Saa mbili kasoro ishirini mimi nipo pale na mwanangu, sare imenyooshwa pasi mpaka nzi akitua anateleza. Saa mbili geti likafungwa kweli, tena kuna baba mmoja kafungiwa nje watoto wake wakiwa wameshaingia, wanatazamana kwenye nondo kama siku ya kutembelea wafungwa, na huo mkutano wenyewe ukaanza saa tatu na robo kwa sababu mwenye maiki alikuwa hajafika! Hilo nimesamehe.

Tukasomewa sheria. Soksi zivutwe mpaka wapi, nywele ziwe fupi kiasi gani, mzazi asivuke mstari wa njano, mzazi asimpigie mwalimu wa darasa baada ya saa kumi, mzazi asilete dawa bila barua, mzazi asi, mzazi asi, mzazi asi. Soksi peke yake zimekula nusu saa, mpaka nikadhani tumepeleka miguu shule na vichwa vimebaki nyumbani. Mwanangu anafundishwa na nani? Akibanwa na haja anamwomba nani na choo kiko upande gani? Akipandwa na homa nani ananipigia? Nani anaruhusiwa kumchukua nikikwama kazini? Hakuna aliyegusa hata kimoja. Fomu niliyojaza imeuliza mpaka kazi ya babu yake, ila sehemu ya kuandika huyu mtoto anaogopa nini haikuwepo. Na hilo nalo nimesamehe.

Sasa ikafika kukabidhi watoto. Wangu ana miaka sita, ni wa kwanza, hajawahi kulala nje ya kwao hata usiku mmoja. Akanishika kidole. Hakulia, sikilizeni vizuri, HAKULIA, kashika tu kidole. Nikainama nimwambie mama atarudi saa nane, atakusubiri pale chini ya ule mti. Maneno hayo tu, hata sekunde kumi hazifiki. Ndiyo nikasikia spika zinakoroma:

"Mwachie mama! Mwachie! Hatuli watoto hapa!"

Kwenye maiki jamani. Spika mbili, kila moja kubwa kuliko kabati langu. Uwanja mzima ukageuka, na watu wakacheka! Wazazi wenzangu mnacheka nini?? Mpaka mwalimu aliyekuwa anapokea mstari wetu alicheka, yule yule ambaye kuanzia leo nimemkabidhi mtoto wangu.

Na mwanangu akaachia kidole. Sikukitoa mimi, kakiachia mwenyewe, akaangalia chini akaingia kwenye mstari. Hapo ndipo nilipoumia. Ningeweza kuambiwa mstari wa njano mara mia, ningeweza kupimwa soksi kwa rula, lakini "hatuli watoto hapa" mbele ya mtoto anayeanza shule leo, kwenye maiki, huyo mtu alikuwa anawaza nini? Nimefika barabarani bado naisikia, nimepanda gari bado naisikia. Mwachie mama. Mwachie. Kana kwamba nimemwiba!

Semeni jamani, au mimi ndiye sijui shule za siku hizi.

Baba_Pacha
Huyo baba wa nje ya geti ni mimi 😂😂 Nilisogeza gari lililoziba njia, wanangu wote wawili nimeshawaingiza, narudi nakuta mlinzi kafunga. Hiyo "hatuli watoto" niliisikia vizuri kabisa nikiwa ng'ambo ya barabara, na bibi mmoja aliyekuwa anapita akaniuliza hapo ndani kuna nini. Pole sana dada.

KijitiKikavu
Uzi mrefu hivi kwa sentensi moja? Mimi nilipelekwa shule siku ya kwanza na kaka yangu akanitelekeza getini akaenda kucheza mpira, na leo niko hai. Watoto wenu mnawalea kama mayai. Mwachie mama, kweli mwachie.

Mama_KifunguaMimba
@KijitiKikavu wewe kuachwa getini na kaka yako hakunihusu, na kama ungekuwa umeshikwa mkono siku ile labda leo usingeandika hivi. Nazungumzia mtu mzima mwenye maiki. MAIKI. Angenifuata pembeni akaniambia mama muda umekwisha ningemwachia na ahsante ningesema.

Shangazi wa Wote
Huyo huyo! Mwaka jana kwenye sherehe ya kufunga shule alisoma majina ya watoto ambao ada haijaisha, kwenye maiki hiyo hiyo, watoto wamekaa mstari wa mbele na taji za karatasi kichwani. Mdogo wangu alilia wiki. Nilipoona kichwa cha uzi tu nikajua ni yeye.

Mwl_Chaki
Naomba kusema kidogo, mimi nafundisha darasa la kwanza miaka mingi sasa. Upande wa shule unakuta mwalimu mmoja ana watoto hamsini wapya, nusu wanalia, na wakianza wawili wanalia wote, kilio kinaambukiza kuliko mafua. Kuaga kukiwa kufupi mtoto anatulia haraka, wengi wananyamaza dakika chache tu baada ya mzazi kupotea machoni. Anayetuvuruga ni yule anayeaga, anaondoka, halafu unamwona kichwa dirishani. Mbaya zaidi ni anayetoroka bila kuaga, mtoto wa huyo kesho yake hakubali kushuka hata kwenye gari.

Ila huyu mama amefanya sawasawa kabisa. Kamwambia mtoto atarudi saa ngapi na atasimama wapi, ndivyo tunavyowaambia wazazi wafanye. Kwa hiyo lile la maiki hapana, siwezi kulitetea hata kama ni mwalimu mwenzangu.

KijitiKikavu
Mwalimu naye kaandika insha. Tunasubiri usahihishe.

Kifungu_kwa_Kifungu
Wakuu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayoheshimu utu wa mtoto. Siyo fimbo tu, na kumwaibisha mbele za watu nako kunamuumiza utu. Mama andika barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa kamati ya shule, weka tarehe na maneno kama yalivyosemwa. Usiende kugomba, nenda na karatasi.

Baba_Pacha
Barua itasomwa kwenye maiki.

Mama Inhela
Nyie mnalia na maneno, mimi nina kubwa zaidi. Mwanangu ana pumu. Sera yao inasema dawa zote zifungiwe ofisini, nikasema sawa maana sitaki mtoto mwingine achezee dawa. Siku ya tatu kabanwa wakati wa mapumziko, mwalimu wa zamu kakimbia ofisini, kabati limefungwa na funguo anazo karani, karani katoka! Inhela iko pale kwenye kioo inaonekana na mtoto anavuta pumzi kama samaki. Aliyeokoa ni mpishi, alivunja kufuli kwa mwiko wa chuma. MPISHI. Na wiki iliyofuata wakanitumia barua ya kufuli. Inhela ya pumu haifungiwi kwa ufunguo wa mtu mmoja jamani, inatakiwa ikae mahali mtoto na mwalimu wake wanapoifikia papo hapo. Nimepigana mpaka leo iko darasani kwenye mkoba mwekundu na barua ya daktari ndani.

Shangazi wa Wote
@Mama Inhela nywele zimenisimama. Huyo mpishi wampe yeye hiyo shule aiendeshe.

Mwl_Chaki
@Mama Inhela mpishi, mlinzi na yule wa usafi ndio wanaojua watoto kwa majina kuliko ofisi nzima. Wazazi wapya wanakimbilia kumsalimia mwalimu mkuu, anzeni na hao.

ZamuYaLeo
Mimi nalalamikia grupu la WhatsApp la darasa. Nimeongezwa jana saa moja jioni, asubuhi naamka meseji mia tatu na kitu. Mia mbili ni "amina", hamsini ni za mtu anauza mashuka, na katikati huko kuna moja tu ya mwalimu kwamba kesho watoto waje na nguo za michezo. Nani ataiona? Mwanangu kaenda na sare ya kawaida kaambiwa mama yako hasomi. Nasoma! Nasoma amina!!

Baba_Pacha
Admini wa hilo grupu ni nani vile? Yule yule, siyo?

ZamuYaLeo
Yule yule. Na anatuma sauti za dakika sita.

MzaziMwandamizi
Subirini kazi za nyumbani zianze. Wangu wa darasa la pili aliambiwa atengeneze mfumo wa jua kwa maboksi, sayari zote nane na ziwe zinazunguka. Mtoto wa miaka saba! Tumekata maboksi mimi na mume wangu hadi saa sita usiku, mtoto kalala zamani, na ndivyo inavyotakiwa maana mtoto wa umri huo anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 mpaka 12 kwa siku. Tukapata alama 6 kwa 10 kwa sababu Zohali haikuwa na pete. Mume wangu mpaka leo akisikia Zohali anatoka chumbani.

KijitiKikavu
Hapo kwenye pete mwalimu yuko sahihi.

Mama Inhela
Na siku ya michezo ya wazazi? Mbio za magunia? Mimi nilianguka, na nani alikuwa anatangaza? "Mama wa pumu ameanguka, tumpigie makofi." Mimi sina hata pumu, ni mwanangu!

Mama_KifunguaMimba
Jamani mnaona sasa? Mnaona? Ndiyo hiyo maiki ninayosema! Uzi wangu ni wa maiki. Hatuli watoto hapa. Nilikuwa nimeinama sekunde kumi tu na mtoto hakulia.

SwetaLaPili
Samahani natoka nje ya mada, nyie mnaandika majina kwenye masweta kwa kalamu gani? Wangu kapoteza mawili na muhula ndiyo kwanza umeanza. Nimeandika kwa wino, kufua mara mbili jina limekwenda.

Shangazi wa Wote
Usiandike, tarizi. Uzi na sindano, herufi mbili ndani ya kola. Na usiweke jina nje, mtu asiyemjua mtoto akimwita kwa jina mtoto anadhani ni ndugu.

MzaziMwandamizi
Kutarizi nani ana muda. Kuna kalamu za nguo, ila ukishaandika pitisha pasi ya moto juu yake ndiyo ufue.

KijitiKikavu
Pitisha pasi kabla au baada ya kuvaa?

ZamuYaLeo
@KijitiKikavu wewe ukiwa umevaa.

Mwl_Chaki
Na viatu pia andikeni, ndani kwenye ulimi. Siku ya mvua nabaki na viatu vya kushoto kumi na vya kulia saba, sijui nyie mnavipeleka wapi vya kulia.

Mama_KifunguaMimba
Nyongeza, saa tatu usiku. Nilimfuata saa nane, nikasimama chini ya mti kama nilivyomwambia. Katoka vizuri, rafiki kapata, choo kakijua (kaonyeshwa na mtoto wa darasa la nne, siyo mwalimu). Nikasema basi yameisha. Sasa hivi namfunika alale ananiuliza, "Mama, kwani kuna shule nyingine wanakula watoto?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Sasa kwa nini yule alisema hapa hawali?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa naye mpaka kalala, kidole changu kakishika tena. Kesho nakwenda na karatasi kama alivyosema ndugu hapo juu, na nitasimama mbele yake bila maiki anieleze alikuwa na maana gani.

Baba_Pacha
Dada, wangu hapa tangu jioni wanacheza mchezo wa hiyo shule. Mmoja kashika mwiko ndiyo maiki, mwenzake kajificha nyuma ya kiti. Anayeshika mwiko anasema "mwachie mama", anayejificha anapiga kelele asiliwe. Nimewanyang'anya mwiko wamechukua kiatu. Ukienda kesho na hiyo karatasi nipitie, twende wote. Na safari hii tufike saa moja.

SwetaLaPili
Hiyo pasi inapitishwa upande wa maandishi au upande wa ndani? Nimeshaunguza moja.