Tupeane uzoefu: seva yako ya barua pepe inapopitisha taka kama mlango hauna komeo

Mzigo_Mkononi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa sisi tuliokataa kulipia kila sanduku la barua kwa mwezi, tukaishia kulipa kwa usingizi. Naanza na yangu.

Nahudumia ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar: masanduku 14, Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua) na SpamAssassin (chujio linaloipa kila barua alama za utaka). Mwezi wa tatu mhasibu akaanza kunitumia picha za skrini: "Kaka, na hii imepita." Ankara feki, urithi wa mjane, kontena limekwama bandarini. Hiyo ya kontena ndiyo iliyonitisha, maana kwa ofisi ya forodha ndiyo barua ya kila siku. Nikashusha kizingiti, yaani alama ambazo barua ikizifikisha inahesabiwa taka, kutoka 5 hadi 3.5. Taka hazikupungua, ila barua za wateja zikaanza kutupwa jalalani.

Siku niliyoacha kukisia na kusoma vichwa vya barua zenyewe (mistari iliyofichwa yenye taarifa za safari na ukaguzi wa barua), nikakuta neno moja kila mahali: URIBL_BLOCKED. Yaani SpamAssassin ilikuwa inaiuliza orodha nyeusi (orodha ya mtandaoni ya watuma taka wanaojulikana) kuhusu viungo vilivyomo kwenye barua, na inanyimwa jibu. Maswali hayo hupitia DNS, huduma ya kutafuta majina ya mtandao, na seva yangu ilikuwa inatumia 8.8.8.8, DNS ya umma ya Google. Orodha hizi zinatoa huduma bure kwa wenye maswali machache, na zinahesabu kwa anwani inayouliza. Ukipitia DNS ya umma unahesabiwa pamoja na mamilioni ya watu, kwa hiyo mmefungiwa wote. Barua ya tapeli ilikuwa inapata alama 2 kwa sababu shahidi mkuu hakuruhusiwa kusema.

Nikaweka Unbound (programu ya DNS ya kwako mwenyewe) humohumo kwenye seva, iulize yenyewe kuanzia mizizi ya DNS. Msiiambie ipeleke maswali kwa DNS ya mtu mwingine, mtakuwa mmerudi palepale. Barua za alama 2 zikaruka hadi 9 na 11. Nikatembea kifua mbele wiki mbili, kisha seva ikawashwa upya, DHCP (inayogawa mipangilio ya mtandao) ikaandika upya resolv.conf, faili linalotaja DNS ya kutumia, na 8.8.8.8 ikarudi kimyakimya. Aliyegundua ni mhasibu.

Leteni zenu.

Mpwani_Mkaidi

Mimi nipo Mombasa. Miezi mitatu mizima nilikuwa nakusanya taka za wafanyakazi kwenye folda moja, kila usiku sa-learn, amri ya SpamAssassin ya kufundishia, inazisoma ili chujio lijifunze. Nikienda kulala najua mwanafunzi anasoma. Kumbe nafundisha mtoto wa jirani! Amri ilikuwa inaendeshwa na root (msimamizi mkuu wa seva), ilhali barua zinakaguliwa na mtumiaji amavis, na kila mmoja ana daftari lake. Nilipoendesha `sa-learn --dump magic` kama amavis, nspam (taka zilizosomwa) ilikuwa 0 na nham (barua safi) 0.

Nikarekebisha, bado kimya. Hapo ndipo nikajua kuwa Bayes, sehemu ya chujio inayojifunza, haifungui mdomo mpaka ione taka 200 na barua safi 200. Taka nilikuwa nazo tele, barua safi sikuwa nimeipa hata moja. Nikachukua sanduku la bosi la mwaka uliopita (kwa ruhusa yake, jamani) nikalisomesha lote. Kesho yake kwenye vichwa nikaona BAYES_99 (Bayes ina uhakika ni taka) kwa mara ya kwanza, nikaagiza mahamri.

DadaWaKebo

Yangu ni ya aibu. Seva ya shule, ipo ndani nyuma ya ruta. Fundi wa mtandao aliyenitangulia aliweka sheria inayobadilisha chanzo cha kila muunganisho unaoingia, ukawa unaonekana unatoka 192.168.1.1. Kwa hiyo tapeli wa bara lolote alifika kwetu akiwa mtu wa nyumbani. Kila barua ilipewa ALL_TRUSTED (imepita kwa seva za kuaminika tu) na kupunguziwa alama 1, SPF (ukaguzi wa kama seva inayotuma imeruhusiwa) haikuwa na cha kukagua, na orodha nyeusi haziulizwi kuhusu anwani za ndani.

Hiyo ndiyo nafuu. Kwenye mynetworks ya Postfix, orodha ya anwani za kuaminiwa, nilikuwa nimeandika 192.168.0.0/16, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168. Fikirini wenyewe: dunia nzima ni 192.168.1.1, na 192.168.1.1 anaruhusiwa kutuma popote bila nywila. Foleni ilifika barua elfu thelathini na kitu kabla sijachomoa waya kwa mkono. Anwani yetu ikaingia orodha nyeusi, na walimu wakanuna muhula mzima kwa sababu barua zao haziwafikii wazazi.

Tapeli_Hapiti

Kwenye orodha ya sababu ongezeni na ukubwa wa barua. Spamc, inayopeleka barua kwa SpamAssassin, kwa kawaida haikagui barua inayozidi KB 500. Matapeli wangu walikuwa wanabandika picha kubwa tu, basi.

Mzee_wa_Logi

Vijana, nanyi msipitilize. Mimi niliongeza orodha nyeusi saba kwenye Postfix, za kukataa moja kwa moja. Moja ilikuwa imeshafungwa zamani. Siku moja ikaanza kujibu "ndiyo" kwa kila anwani. Tulikataa barua zote tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Nilidhani ni wikiendi tulivu.

Mgeni_Seva

Shikamoo Mzee. Wakuu, nitajuaje kama yangu nayo inanyimwa majibu? Naogopa kugusa kitu.

Mzee_wa_Logi

Marahaba. Huhitaji kugusa kitu. Ukiwa ndani ya seva andika `dig +short 2.0.0.127.zen.spamhaus.org`, swali la majaribio kwa orodha nyeusi ya Spamhaus. Ukiona 127.0.0.2 na wenzake, uko salama. Kukiwa na 127.255.255.254, Spamhaus wamekutambua unapitia DNS ya umma.

Mgeni_Seva

127.255.255.254.

Mzigo_Mkononi (mwanzisha uzi)

Karibu chamani, mkuu. Weka Unbound, na ukimaliza washa upya seva makusudi, kisha uipime tena kabla mhasibu wako hajakupimia.