Bima ya Afya kwa Wote: kwa wapenzi wa jinsia moja kinabadilika nini?

Mdau wa Nkuhungu
Wakuu, habari za saa hizi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Kwa wapenzi wa jinsia moja hapa Dodoma inasaidia nini hasa? Wawili wanaoishi pamoja wanaweza kuchangia kadi moja? Na anayetaka PrEP, yaani vidonge vya kujikinga na VVU kabla ya tendo, aanzie wapi?

Karani wa Bima
Mkuu, kadi moja haiwezekani. Mwenza anayetambulika ni wa ndoa, na ndoa ya namna hiyo haimo katika sheria zetu. Kila mtu ajisajili kivyake. Wasijiandikishe kama ndugu ili kuokoa hela, hiyo ni taarifa ya uongo.

Bima inaondoa kikwazo cha fedha, haiondoi kikwazo cha siri, na hapo ndipo wengi wanakwama. Utaratibu wa rufaa unakuanzisha zahanati au kituo cha afya cha karibu, kisha General (hospitali ya rufaa ya mkoa), kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa. Zahanati ya mtaani ndiko anakofanya kazi jirani yako. Fomu ya madai nayo huandikwa ugonjwa.

Lakini kupima VVU na ARV ni bure kwenye vituo vya umma, bila kadi. Kwa hayo nenda CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) ya upande mwingine wa mji, hakuna atakayekuuliza rufaa.

Muuguzi CTC
Naongezea kuhusu PrEP. Kwanza uliza kama zipo: Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, PrEP ya fedha zao ilibakizwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha, kwa hiyo usishangae ukiambiwa hakuna. Zikiwepo, utapimwa VVU kabla ya kuanza na kila baada ya miezi 3. Omba na kipimo cha homa ya ini B. Mwenye virusi hivyo akiacha vidonge ghafla, ini linaweza kushambuliwa vibaya.

Kama tendo limeshatokea, hiyo siyo PrEP tena, ni PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tendo: zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kisha vidonge siku 28. Usisubiri Jumatatu, nenda idara ya dharura.

Na jamani, mafuta ya mgando hupasua kondomu. Tumieni kilainishi cha maji.

Mdau wa Nkuhungu
Shukrani sana. Daktari lazima aambiwe kila kitu?

Muuguzi CTC
Jina la mwenzako halihitajiki. Sehemu yenye dalili lazima uiseme. Vituo vingi vya chini hutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili, bila maabara. Mwenye usaha njia ya haja kubwa akisema "nakojoa kwa maumivu", anatibiwa kitu kingine, na kipimo cha mkojo hakitauona ugonjwa ulio huko nyuma. Sema tu: "Nina maumivu na uchafu njia ya haja kubwa, naomba nichunguzwe faragha."

Karani wa Bima
Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu bado kipo, adhabu yake ni hadi kifungo cha maisha, ndiyo maana watu wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Ila kinahusu tendo, si kutibiwa. Sheria ya VVU ya 2008 inalinda siri ya majibu. Yakivuja, andika tarehe, dirisha na jina la mhudumu, uanze kwa mganga mfawidhi. Asipochukua hatua, peleka kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga au Baraza la Madaktari, kutegemea aliyevujisha ni nani.