Mama anasubiri treni usiku, nifanyeje?

Mtoto wa Reli: Habari zenu wakuu. Niko Tabora, Cheyo. Mama ana miaka 74. Tangu mwaka jana anauliza jambo moja mara kumi, chumvi anaitia kwenye chai. Usiku anafungasha kanga mbili kwenye kapu, anakaa barazani akimsubiri baba ashuke kwenye treni ya Kigoma. Baba tulimzika 2003. Majirani wameanza kunong'ona. Nimwambie ukweli au ninyamaze?

Bi Tausi: Pole mwanangu. Ukimwambia, analia upya kama kafiwa leo. Marehemu shangazi yangu kule Ujiji alikuwa akiamka kudai dagaa wake hawajaanuliwa. Tunatoka naye uani, tunautazama mkeka mtupu, anarudi kulala.

Kapuku wa Isevya: Macho yake mekundu? Natania jamani.

Nesi Mstaafu: Utani gani huo? Huku kwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho mekundu. Mleta mada, hiyo inafanana na demensia, maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu, si uchawi wala "uzee tu". Wilaya ya Hai walipimwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, kama 6 katika kila 100 wakakutwa nayo. Ila mpeleke akapimwe. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, hata damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, vinaweza kuleta hali hiyohiyo na vinatibika. Aliwahi kuanguka? Na mbona unauliza leo?

Mtoto wa Reli: Hajaanguka. Kusema kweli kuna kiwanja.

Kapuku wa Isevya: Enhee!

Mtoto wa Reli: Kipo Ipuli, kina jina lake. Mnunuzi ameshatoa milioni mbili, mama akaweka dole gumba. Sasa anaikana karatasi. Msinihukumu, hela ni ya matibabu yake mwenyewe.

Wakili wa Mtaani: Siku anaweka dole alijua anauza? Sheria ya Mikataba inataka mtu mwenye akili timamu. Rudisha hela ya watu.

Mtoto wa Reli: Siku hiyo alikuwa mzima kabisa. Hata jina langu alilitaja.

Wakili wa Mtaani: Jina tu?

Dereva wa Urambo: Chai hii, tena haina sukari. Mwezi wa tatu uliomba hapahapa ushauri wa mirathi, ukasema mama kafariki. Kafufuka lini?

Kapuku wa Isevya: 😂😂 Chumvi ya kwenye chai imepatikana.

Mtoto wa Reli: Yule alikuwa mama mzazi. Huyu ni mama mkubwa, ndiye aliyenilea. Kwenu mama mkubwa si mama?

Bi Tausi: Ni mama, mwanangu. Na watoto wake wa kuwazaa wako wapi?

Mtoto wa Reli: Wawili, wako Mpanda.

Nesi Mstaafu: Wanajua habari za dole gumba?

Mtoto wa Reli: Ngoja nimwingize mama ndani, yuko getini na kapu. Nitarudi.

Kapuku wa Isevya: Harudi huyo.